Zambarau Kwenye Kipara cha Daktari

Homa ya nguruwe ilipoingia Nairobi mwaka ule wa 2009, wafanyakazi wa hospitali moja ya binafsi kule Upper Hill walichukua hatua kali bila kuchelewa: waliacha kula nguruwe. Ogutu mhasibu, ambaye Ijumaa yake haikukamilika bila mbavu za nguruwe, alihamia kwenye mbuzi wa Kenyatta Market na kutangaza kwamba sasa mwili wake uko salama. Matroni Mwihaki alitoa soseji zote kwenye friji yake akawapa mbwa wa jirani. Naye Muli, dereva wa ambulensi, alimwambia Sista Mishi kwa wivu wa kweli kwamba yeye ana bahati, kwa sababu Waislamu ugonjwa ule hauwajui.

Mishi alimweleza kwamba homa ile haitoki kwenye sahani. Inatoka kwenye kikohozi na kwenye mikono. Muli alisikiliza kwa heshima zote, akaitikia kwa kichwa, kisha akapiga chafya kwenye kiganja na kumpa mkono wa kwaheri.

Mishi alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto. Alizaliwa Mombasa, mtaa wa Kibokoni, akaja Nairobi kusomea uuguzi na kazi ikamweka huko huko. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye macho ya kuchekacheka na ulimi uliojua kukata bila kutoa damu. Wenzake walimpenda, ila walikuwa na desturi ya kukagua kiti kabla ya kukikalia kama yeye ndiye aliyewakaribisha.

Waraka wa wizara ulipofika, Daktari Ephantus Wachira, mkuu wa hospitali, aliita mkutano wa wafanyakazi wote. Daktari Wachira alikuwa mtu mzima wa Kiambu, mzee wa kanisa, mnene kiasi, mwenye kipara kinachong'aa ambacho alikipapasa kila alipofikiri jambo. Zaidi ya yote alikuwa mtu wa salamu. Hakuwahi kumpita mtu bila kumpa mkono, na mkono wake ulikuwa wa kushika na kutikisa na kushikilia, huku mkono wa pili ukikukamata kiwiko usije ukatoroka kabla hajamaliza kuuliza habari za nyumbani.

Aliwasomea waraka kwa sauti ya mimbarini. Wafanyakazi wa afya wanawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumgusa mgonjwa. Wavae maski wanapomhudumia mwenye kikohozi. Wakohoe kwenye kiwiko. Mwenye homa abaki nyumbani. Na katika kipindi hiki, wajiepushe na kupeana mikono. Kisha alitangaza kwamba Sista Mishi ndiye atakayesimamia maagizo hayo katika hospitali nzima, akamwita mbele, na kumpongeza kwa kumshika mkono na kuutikisa mpaka bangili zikalia. Wengine wakapanga foleni nyuma yake. Mishi alitoka mkutanoni akiwa amepewa mkono na kila mtu katika jengo lile.

Alianza kazi kwa wema. Alibandika michoro kila ukutani, akaweka sabuni kwenye kila sinki, akapita ofisi baada ya ofisi akieleza namna ya kusugua katikati ya vidole na chini ya kucha. Watu walimwitikia vizuri sana. Kila alipotokea, bomba lilifunguliwa, na kila alipogeuka, lilifungwa. Ogutu alitundika maski yake kwenye sikio moja kama hereni. Matroni Mwihaki aliivaa kidevuni ili asiharibu rangi ya mdomo. Na Daktari Wachira, kila alipokutana na Mishi kwenye ukumbi, alimuuliza kazi inaendeleaje, huku akimnyooshea mkono.

"Wananiona mimi mwalimu wa shule ya msingi," Mishi alimlalamikia rafiki yake Nthiwa, mfamasia, walipokuwa wakinywa chai kwenye duka la dawa la hospitali. "Wananawa kwa ajili yangu. Vijidudu havionekani, mwenzangu. Kitu kisichoonekana utamwogofyaje mtu nacho?"

Nthiwa alikuwa mwanamke wa Machakos, mpole kwa sura, lakini ndani yake mlikuwa na moto wa utundu ulioungana vyema na ule wa Mishi. Aliinua macho kwenye rafu, akayashusha, kisha akauliza kama anakumbuka ile jivii, dawa ya zambarau wanayopakwa watoto wenye vidonda vya mdomo.

Nani asiyeikumbuka? Ukimpaka mtoto mdomo, nyinyi wawili mnazunguka na zambarau mpaka wiki iishe.

Ile ya chupa imeshachanganywa na maji, Nthiwa alieleza. Lakini yeye alikuwa na unga wake mkavu kabatini. Unga ule ukiwa mkavu na mwembamba, kwenye kitu cheusi hauonekani kabisa. Ukipata jasho kidogo, unafunguka.

Walitazamana. Nthiwa akalifungua kabati.

Asubuhi iliyofuata, Mishi aliwahi kazini kuliko wote. Alikuwa amelifikiria jambo lile vizuri. Hakutaka wagonjwa waguswe, kwa hiyo alichagua mahali ambapo hakuna mgonjwa anayefika: mlango wa chumba cha chai cha wafanyakazi, ambao mshikio wake ulikuwa wa plastiki nyeusi. Alivaa glavu, akaupaka unga juu ya mshikio kwa brashi ndogo ya kusafishia mashine, akazivua glavu na kuzitupa ndani ya mfuko uliofungwa, akanawa mikono kwa namna ambayo mwandishi wa waraka angelia kwa furaha. Mpango wake ulikuwa rahisi. Jioni angewaita wote, aufichue mzaha, awaonyeshe viganja vyao, na wangechekana mpaka somo liwaingie.

Saa ya chai ilipofika alisimama kwenye kona akiwa na kikombe alichokuja nacho kutoka wodini. Watu waliingia na kutoka. Kwa muda hakukuonekana kitu, na Mishi akaanza kuwa na wasiwasi kwamba Nthiwa amempa unga uliopoteza nguvu. Kisha Matroni Mwihaki alivuta maski yake kidevuni ili anywe chai, na alipoirudisha, palikuwa na ndevu mbili za zambarau pembeni mwa mdomo wake.

Mishi aligeukia ukuta akakohoa kwenye kiwiko kwa muda mrefu.

Kufikia mchana rangi ilikuwa imetembea kuliko alivyodhani. Ogutu, ambaye alikuwa na tabia ya kuchokoa sikio anapojumlisha, alikuwa na sikio la rangi ya biringanya. Mama wa mapokezi alikuwa na alama shingoni, na kijana wa maabara alikuwa na alama kama hiyo hiyo shingoni, na wawili hao walioapa siku zote kwamba hawajuani sana walikwepana macho mpaka saa ya kutoka. Simu ya mapokezi ilikuwa na rangi. Kitufe cha lifti kilikuwa na rangi. Wale waliokwenda kula Kenyatta Market walirudi wakisema mchoma nyama amewauliza kama leo kuna sherehe, mbona chumvi yake imebadilika rangi.

Kila mtu aliiona rangi kwa mwenzake na hakuna aliyeiona kwake. Na kwa kuwa mtu mwenyewe hakusema, wenzake walidhani ni ugonjwa wa aibu, wakanyamaza kwa adabu. Mishi alikuwa akipita katikati yao mikono ikiwa nyuma, akiwasalimu kwa kuweka kiganja kifuani kama walivyozoea kwao, moyo ukimrukaruka. Hakuwa amefurahi namna ile tangu aanze kazi.

Baada ya chakula cha mchana, Daktari Wachira alishuka ngazi haraka akiwa amevaa koti lake la suti. Alikuwa amepigiwa simu. Chama cha hospitali za binafsi kilikuwa na mkutano na waandishi wa habari katika hoteli moja ya Westlands, kuwatuliza wananchi kuhusu homa ile, na daktari aliyetarajiwa kuzungumza alikuwa amekwama safarini. Wachira angezungumza badala yake. Alikuwa na furaha kama bwana harusi. Alimkuta Mishi mlangoni, akasimama mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja, akasema kwa sauti kwamba anakwenda kueleza nchi nzima kazi nzuri ya Sista huyu. Na kabla Mishi hajainua mkono wake kifuani, ulikuwa umeshakamatwa, pamoja na kiwiko chake.

Kumnyang'anya mkubwa wako mkono mbele ya wagonjwa ni jambo zito. Mishi aliuacha utikiswe. Akajiambia, nitakwenda kunawa sasa hivi.

Hakufika sinkini. Kutoka wodini alisikia sauti ya Waceke ikimwita. Waceke alikuwa mama kijana kutoka Kikuyu, ambaye mtoto wake wa kiume, wa miezi michache tu, alikuwa amelazwa kwa nimonia. Mtoto alikuwa ameanza kupata nafuu, ila leo alilia tangu adhuhuri bila kunyamaza, na mama yake alikuwa amechoka hata machozi yalikuwa yakimlengalenga. Mishi alimpokea, akamlaza begani, akampigapiga mgongo, akamwimbia kitu kisicho na maneno. Mtoto akanyamaza. Mishi akamfuta mate kwa kidole gumba, akamrudisha kitandani, akajisifu kimoyomoyo kwamba mkono wake una dawa.

Akaenda kuangalia mgonjwa wa kitanda cha dirishani. Aliporudi, Waceke alikuwa akimpangusa mtoto uso kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kilikuwa kimegeuka rangi. Kwenye shavu la mtoto, kuanzia chini ya jicho hadi pembeni mwa mdomo, palikuwa na mstari wa zambarau uliokolea. Nyingine kidogo ilikuwa imeingia kwenye mdomo wenyewe, na mtoto alikuwa akiilamba.

Mishi akaliinamia shavu lile. Mzaha wake haukupaswa kufika huku. Hasira ikampanda dhidi ya mzembe aliyetoka chumba cha chai na kuja kumshika mtoto mgonjwa bila kunawa, na akauliza kwa sauti aliyoitumia mara chache sana, "Nani amemshika mtoto huyu?"

Waceke alimtazama kwa mshangao.

"Si ni wewe, Sista," alisema. "Hakuna mwingine ameingia."

Mishi aligeuza kiganja chake cha kulia. Jasho lilikuwa limeshafanya kazi. Zambarau ilijaa kwenye mistari yote ya kiganja, na iliyokolea zaidi ilikuwa kwenye kidole gumba.

Dawa yenyewe haikumtisha. Watoto wanapakwa ile ile mdomoni kila siku na hawadhuriki. Kilichomfanya aketi kwenye kiti cha mgeni bila kukikagua ni hesabu nyingine. Kama Daktari Wachira angekuwa amebeba homa badala ya rangi, ingekuwa sasa hivi iko kwenye ulimi wa mtoto mwenye mapafu mabovu, na aliyeipeleka ni Mishi, msimamizi wa maagizo, mwanamke aliyekuwa akiwacheka wenzake tangu asubuhi. Tena asingejua. Angekwenda nyumbani akalala vizuri.

Alimwomba Waceke msamaha, akamweleza ukweli wote. Waceke alisikiliza, akatazama shavu la mwanawe, akasema polepole kwamba angalau amenyamaza kulia. Mishi alikwenda kunawa. Alisugua mpaka ngozi ikauma, na rangi haikutoka.

Alikuwa bado sinkini Nthiwa alipoingia akiwa ameushika ubavu kwa kicheko. Alisema ameshuhudia kutoka dirishani Daktari akipanda gari lake. Kwa nyuma, juu ya kipara, kulikuwa na vidole vitano vimejipanga kama vya mtoto aliyechora ukutani, na hakuna hata mtu mmoja aliyethubutu kumwambia.

Nthiwa alicheka peke yake. Alipouona uso wa mwenzake alinyamaza.

"Anakwenda kwenye kamera," Mishi alisema.

Alimpigia simu. Ilikuwa imezimwa, kwa kuwa Daktari Wachira alikuwa mtu wa kuzima simu kabla ya kusema neno mbele ya watu, kama kanisani. Mishi alivua aproni, akachukua kitambaa, chupa ya spiriti na maski mpya, akatoka mbio kumtafuta Muli.

Muli alikuwa ameegemea ambulensi akichokoa meno, na midomo yake ilikuwa ya zambarau kama ya mtu aliyekula zambarau zenyewe. Aliposikia ni safari ya Westlands, na ya haraka, uso wake uling'aa. Aliuliza kama kuna mgonjwa. Mishi alisema hakuna. Aliuliza kama anaweza kupiga king'ora. Mishi alisema asithubutu, king'ora ni cha mgonjwa.

Walifika kwenye mzunguko wa Barabara ya Uhuru na kuukuta msongamano umelala kama mgonjwa aliyekatiwa tamaa. Magari yalizimwa injini. Wauzaji wa njugu walitembea katikati kwa starehe. Muli alisema kwa sauti ya mtu anayewaza tu, "Lakini Sista, wewe si ndio mgonjwa? Venye unakaa, hiyo si sura ya mtu mzima."

Mishi aligeuza uso dirishani. King'ora kilikohoa mara moja, kidogo tu, kama kwa bahati mbaya. Magari mawili yalisogea. Kikakohoa tena. Polisi wa trafiki aliyekuwa kwenye mzunguko alikuja mpaka dirishani, mtu mrefu asiyependa kuchezewa, akataka kujua wanaharakisha nini na mgonjwa yuko wapi, maana yeye anaona nyuma ni tupu.

Mishi alikuwa ameapa kimoyomoyo kule wodini kwamba mizaha imekwisha. Lakini kiapo kilikuwa bado kichanga. Alivaa maski yake taratibu, akaifunga vizuri puani, akamgeukia polisi na kukohoa mara mbili kwenye kiwiko chake. Hakusema neno lolote la uongo. Polisi aliona maski, akaona midomo ya zambarau ya dereva, akarudi nyuma hatua ndefu hadi akamkanyaga muuza njugu. Akapuliza kipenga, akainua mikono yote miwili, na Barabara ya Uhuru ikafunguka mbele yao kama zipu.

Ukumbi wa hoteli ulikuwa umejaa. Mishi aliingia kwa mlango wa nyuma na kukuta amechelewa. Mbele, nyuma ya meza yenye kitambaa cheupe, Daktari Wachira alikuwa amesimama kwenye mwanga mkali wa taa za runinga akieleza jinsi hospitali zilivyojiandaa. Pembeni yake alikaa mwenyekiti wa chama, mzee mwenye miwani, ambaye ncha ya pua yake ilikuwa ya zambarau. Kitambaa cheupe cha meza kilikuwa na alama za viganja. Ilionekana Daktari alikuwa amewasalimu wote kabla ya kuanza, mmoja mmoja, kwa mkono na kiwiko.

"Wafanyakazi wetu wanafuata maagizo neno kwa neno," alikuwa akisema. "Hospitalini kwangu hatupeani hata mikono."

Taa zilikuwa kali na jasho lilimtiririka. Alitoa leso, akafuta kipara kutoka mbele hadi nyuma, na vile vidole vitano vikageuka kuwa kofia nzima. Mpiga picha mmoja alishusha kamera ili ahakikishe kwa macho yake mwenyewe. Kicheko kilianzia safu ya nyuma kikaja kikikwama kooni mwa watu. Daktari aliiona leso. Akaviona viganja vyake. Akamtazama mwenyekiti, akaiona pua. Macho yake yalizunguka ukumbi mpaka yakamkuta Mishi mlangoni, akiwa na sare yake, chupa ya spiriti mkononi.

Aliupeleka mkono kupapasa kipara, akaukumbuka, akaushusha. Mishi aliona wazi kabisa hatua zote usoni mwake: kutoelewa, kuelewa, ghadhabu, na baada ya ghadhabu kitu kingine alichokuwa hajawahi kukiona kwa mkubwa wake, ujanja mtupu.

"Ndugu waandishi," Daktari Wachira alisema, akiinua viganja vyote viwili juu, "nilikuwa nangoja mtaanza kuniuliza saa ngapi. Tazameni mikono yenu."

Walitazama. Ukumbi ulijaa sauti za viti. Mwandishi mmoja wa kike alitoa kioo mkobani akakifunga haraka. Hii, Daktari aliendelea bila kupepesa, ni rangi isiyo na madhara, na ameileta makusudi kuwaonyesha homa inavyosafiri wakati watu wanasema uongo kama ule aliotoka kuwaambia. Kisha akatabasamu meno yote, akanyoosha kidole mlangoni na kusema kwamba mtaalamu aliyelibuni somo lenyewe ndiye yule pale, na aje mbele alieleze.

Lilikuwa tabasamu la kulipiza. Mishi alitembea katikati ya viti akijua kwamba amekamatwa kwa mtego wake. Angeweza kumtia Daktari aibu. Angeweza pia kujipamba kwa sifa aliyopewa, na utani wote aliokuwa ameuandaa kwa ajili ya jioni ulikuwa tayari ulimini. Lakini alipofika kwenye vipaza sauti, kitu alichokiona mbele yake kilikuwa lile shavu.

"Asubuhi nilitia rangi hii mahali pamoja tu," alisema, "kwenye mlango wa chumba cha chai cha wafanyakazi. Nilitaka kuwacheka wenzangu. Sasa hivi iko mdomoni mwa mtoto mchanga mwenye nimonia, na mkono uliompelekea ni huu." Akauinua. "Nilikuwa najua. Nilikuwa nalinda mikono yangu siku nzima. Nikasahau mara moja."

Kamera ziliukaribia mkono ule. Mwenyekiti wa chama, aliyeguswa sana, alisimama, akavua miwani yake, na kumnyooshea mkono kumpongeza. Mishi aliweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa. Mzee alibaki mkono ukiwa hewani, akaukodolea macho kama mkono wa mtu mwingine, kisha akauliza vyoo viko upande gani. Nusu ya ukumbi ilimfuata.

Daktari Wachira hakurudi na gari lake. Alipanda nyuma ya ambulensi, akaketi kwenye benchi mkabala na Mishi. Mishi alikuwa akimsugua kipara kwa spiriti, na spiriti ilikuwa ikiisha kabla ya rangi.

"Unajua ningekufuta kazi," Daktari alisema walipopita Chiromo.

"Najua, Daktari."

"Ungeniambia tu mapema, Sista. Mimi ni mtu wa kuelewa."

"Ningekuambia, Daktari, ungenipongeza."

Daktari alimkazia macho. Kisha tumbo likaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka bila idhini yake, kikamfanya ashike ukingo wa benchi. Muli alichungulia kwenye kioo, akaona amani imerudi, akauliza kama sasa anaweza kupiga king'ora. Wote wawili walimkataza.

Mambo hayakunyooka yote kwa siku moja. Daktari Wachira aliamuru sinki lijengwe getini kabisa, na akajifunza kusalimu kwa kuinamisha kichwa, japo mkono wake wa kushoto uliendelea kwa miezi kuruka wenyewe kutafuta viwiko vya watu. Jumapili ile alilazimika kukaa viti vya wazee mbele ya kanisa, bila kofia, na kipara cha zambarau, rangi ya msimu wa Kwaresima, na wamama wa ushirika waliomba kwa ajili yake kwa jina. Ogutu alirudi kwenye nguruwe. Lakini homa yenyewe ilipofika hospitalini kwao, wiki chache baadaye, wauguzi wawili waliosikia mwili unawauma walipiga simu na kubaki nyumbani bila kusukumwa na mtu, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea, na wodi ya watoto ilipita salama. Mtoto wa Waceke alikuwa ameshakwenda zake Kikuyu, akiwa na kivuli cha zambarau shavuni ambacho bibi yake alidai kuwa ni alama ya kuzaliwa.

Siku ile ile ya Westlands, hata hivyo, Mishi alifika nyumbani na kukuta simu yake imejaa majina ya watu wa Mombasa. Alikuwa hajavua viatu ilipolia tena. Alikuwa ni mama yake, na nyuma yake kulisikika vigelegele na vyombo.

Mama alikuwa ameiona habari ya saa moja. Sauti ya runinga ilikuwa chini kwa sababu ya wageni, kwa hiyo hakusikia maneno, lakini picha aliiona vizuri, na Bi Abeer wa nyumba ya pili aliiona pia: Mishi amesimama ukumbini mbele ya kadamnasi, kajiinamia kwa haya, na mkono wake umekolea hina mpaka kwenye mistari, na pembeni yake mzee mmoja wa bara mwenye kipara anatabasamu.

"Mama, ile ni dawa," Mishi alisema. "Ni kazini."

"Sawa mwanangu," mama alijibu kwa upole wa mtu aliyekwisha kusamehe. "Mimi sina neno. Nataka kujua tu, atasilimu kabla au baada ya harusi? Maana Bi Abeer ameshaanza kuloweka mchele."